Alama Saba kwa Uthibitisho: Nilivyoshindana na Mwenzangu katika Hisabati

Ushindani kati yangu na mwanafunzi mwenzangu wa sekondari ulianza kunifaa pale tulipokubaliana kwamba jibu tupu halina alama. Kabla ya hapo tulikuwa tukishindania kasi: swali linaandikwa ubaoni, na anayetamka jibu kwanza ndiye anayehesabiwa kuwa mshindi. Mchezo huo ulichangamsha darasa, lakini haukuyafaa maswali magumu, kwa kuwa swali linalojibika upesi mara nyingi ni lile ambalo njia yake inajulikana tayari, nasi sote wawili tulikuwa na hamu ya yale ambayo njia yake haionekani.

Utaratibu wa alama tuliuazima kutoka Olimpiadi ya Kimataifa ya Hisabati, iliyoanza nchini Romania mwaka 1959, ambako wanafunzi hupewa maswali 6 katika siku mbili, saa nne na nusu kila siku, na kila swali hubeba alama 7. Juu ya hapo tuliongeza masharti yetu. Anayetoa swali lazima awe na uthibitisho kamili mkononi kabla ya kulitoa, na kazi ya kila mmoja husahihishwa na mshindani wake. Sharti la mwisho, ambalo ndilo ninalolithamini kuliko yote, ni kwamba aliyeshindwa hurudi kesho yake akaieleza njia ya mshindi ubaoni, bila karatasi, mpaka mshindi mwenyewe aridhike kwamba imeeleweka.

Mwalimu wetu alipoona tunavyoendelea, alitusimulia shindano la mwaka 1535 nchini Italia kati ya Antonio Fior na Niccolò Tartaglia, ambapo kila mmoja alimpa mwenzake maswali 30. Fior alitegemea njia ya kutatua aina moja ya milinganyo ya kipeo cha tatu, ambayo alirithishwa na mwalimu wake kama siri. Tartaglia aliivumbua mwenyewe muda ulipokaribia kwisha, akayamaliza maswali yote. Navutiwa sana na ujasiri wa Tartaglia, ila siri ile hainivutii hata kidogo, kwa sababu njia iliyofichwa humfaa mtu mmoja kwa siku moja tu. Kwetu sisi, aliyekataa kueleza njia yake hakupewa alama.

Faida ya kusahihishana niliiona mapema, katika swali ambalo wengi hukutana nalo: thibitisha kwamba ukichukua namba tasa yoyote iliyo kubwa kuliko 3, ukaizidisha kwa yenyewe, kisha ukatoa 1, matokeo yake hugawanyika kwa 24 bila baki. Hoja yangu ilikuwa ya kawaida. Tukiiita namba hiyo p, matokeo ni zao la p − 1 na p + 1, ambazo ni namba shufwa mbili zinazofuatana. Moja kati yake hugawanyika kwa 4, kwa hiyo zao lake hugawanyika kwa 8. Tena, katika namba tatu zinazofuatana lazima moja igawanyike kwa 3, na haiwezi kuwa p. Mwenzangu aliusoma uthibitisho huo, akanipa alama zote, kisha akaandika pembeni swali fupi: ni wapi hasa umetumia utasa wa p? Nilipourudia mstari kwa mstari niliona kwamba kilichotumika ni kule kutogawanyika kwa 2 wala kwa 3 tu. Namba 25 si tasa, lakini 25 × 25 − 1 ni 624, yaani 24 × 26. Tangu siku hiyo, kila ninapomaliza uthibitisho, hupitia masharti ya swali moja moja na kujiuliza ni lipi lililofanya kazi na ni lipi lililokuwa pambo.

Tulitofautiana sana kwa silika. Mimi hukimbilia aljebra, naye huanza kwa kuchora. Hilo lilidhihirika katika swali la miraba mitatu inayolingana, iliyopangwa bega kwa bega ikafanya mstatili mmoja. Kutoka kona ya chini kushoto huchorwa mistari mitatu hadi kona za juu kulia: wa kwanza unauvuka mraba mmoja, wa pili unavuka miraba miwili, wa tatu unavuka yote mitatu. Unatakiwa kuonyesha kwamba pembe ambazo mistari hiyo inafanya na kitako cha mstatili zina jumla ya nyuzi 90. Ya kwanza ni nyuzi 45, hilo halina utata, kwa hiyo kazi ni kuonyesha kwamba mbili zilizobaki zinajumlika kuwa 45. Nilitumia kanuni ya tanjenti ya jumla ya pembe: 1/2 na 1/3 hujumlika kuwa 5/6, na 1 ukitoa 1/6 ni 5/6 vilevile, kwa hiyo tanjenti ya jumla ni 1. Nilimaliza kwa mistari michache nikaona nimeshinda. Mwenzangu alichora miraba mingine miwili chini ya ile ya mwanzo, akateremsha mstari wa mshazari ndani yake kutoka kona ileile, kisha akaunganisha ncha yake na ncha ya ule mstari mrefu wa juu. Ikajitokeza pembetatu yenye pembe mraba na pande mbili zinazolingana, na pembe iliyotafutwa ikawa imekaa katika kona yake, wazi kabisa. Mchoro wake haukuhitaji trigonometria yoyote. Tulipeana alama sawa, lakini kesho yake niliomba mimi ndiye niieleze njia yake darasani, maana niliitamani iwe yangu.

Sitasema kwamba hapakuwa na hasira. Kusahihishwa na mshindani huuma kuliko kusahihishwa na mwalimu, hasa anapokata alama moja kwa hatua ambayo wewe unaiona dhahiri. Kilichotuokoa ni desturi ya kujibu kwa maandishi: anayelalamika aijaze hatua hiyo mwenyewe. Ama inajazika kwa mstari mmoja, na alama inarudi, ama haijaziki, na mjadala unaishia hapo.

Lakini ambalo limebaki moyoni mwangu zaidi ni swali la 6 la Olimpiadi ya mwaka 1988, ambalo wanafunzi 11 tu walipata alama kamili. Hilo tuliliruhusu kinyume na sharti letu, kwa kuwa hakuna kati yetu aliyekuwa na uthibitisho wake. Linasema hivi: a na b ni namba kamili chanya, na jumla ya miraba yake inagawanyika kwa ab + 1 bila baki, thibitisha kwamba jibu la kugawanya ni mraba wa namba kamili. Nilianza kwa jedwali. Jozi ya 2 na 8 inatoa 68 kwa 17, yaani 4. Jozi ya 8 na 30 inatoa 964 kwa 241, yaani 4 tena. Nililitazama jedwali hilo kwa muda mrefu bila kuona njia, mpaka mwenzangu, aliyekuwa na lake, alipolivuta langu karibu na kusema kwamba jozi hizo zimeshikana kama pingili za mnyororo, kwa kuwa 8 imo katika zote mbili.

Hapo aljebra yangu ikapata pa kuanzia. Ukiishikilia 8 pamoja na jibu 4, unabaki na mlinganyo wa kipeo cha pili, na mizizi yake ni 2 na 30, ambayo jumla yake ni 4 × 8. Ukijua mzizi mmoja, wa pili unaupata kwa kutoa tu, nao ni namba kamili. Mwenzangu akaonyesha kwamba ukiondoa namba kubwa ya jozi na kuweka mzizi wa pili, unapata namba ndogo zaidi ambayo haiwezi kuwa hasi, kwa hiyo kushuka huko lazima kuishie kwenye 0. Na namba moja ya jozi ikiwa 0, jibu la kugawanya ni mraba wa namba ya pili. Tuliandika uthibitisho mmoja wenye mwandiko wa watu wawili, tukajipa alama 7 kila mmoja.

Kesho yake alinijia na swali jipya: kwa jibu 9, mnyororo ni 0, 3, 27, 240 na kuendelea, je, kuna jozi yoyote ya jibu hilo iliyo nje ya mnyororo huu? Haipo, kwa sababu kila jozi ikishuka huishia kwenye 0 na 3, na kutoka hapo njia ya kupanda ni moja tu.