Siku moja maishani mwangu: mwenyekiti wa mtaa, Mtwara mjini

Saa 11:30 alfajiri. Hodi mlangoni. Ni mama muuza vitumbua wa nyuma ya msikiti, anatetemeka kwa hasira. "Mwenyekiti, wamenipora simu, palepale kalavati!"

Sikuuliza kalavati lipi. Mvua zilibomoa ukingo wake mmoja, na tangu hapo bajaji na bodaboda zikifika zinapunguza mwendo mpaka karibu zisimame, zipite kwa zamu. Kibaka hahitaji panga wala pikipiki. Anajibanza mtaroni, abiria akifika na simu mkononi anaichukua kama anayechuma embe. Taa ya sola ya hapo ilizima siku betri yake ilipong'olewa. Nguzo ipo, paneli ipo, mwanga hakuna. Gesi ya Mnazi Bay inasafiri kwa bomba hadi Dar es Salaam, sisi kona yetu tunaimulika kwa tochi ya simu, kama simu bado unayo.

Nikamwambia afunge laini haraka kabla pesa hazijahamishwa, kisha aende polisi akachukue RB, ile namba ya taarifa ya tukio.

Saa 2:30 asubuhi. Ofisini. Barua za utambulisho za benki, za kitambulisho cha taifa cha NIDA, ugomvi wa mpaka wa choo. Muhuri, wino, muhuri. Katikati anaingia baba mmoja: mita yake ya maji imeng'olewa usiku, uani kumekuwa bwawa. Mita ile ina shaba, na shaba ina mnunuzi. Mimi naona tunawakimbiza sana wezi na kuwaacha wenye mizani ya vyuma chakavu wanywe chai kwa amani.

Saa 5 asubuhi. Kufuatilia kalavati. Ofisi ya kwanza: si barabara yetu. Ya pili: ni yetu, ila fungu limekwisha, subiri Julai, mwaka mpya wa fedha. Mwaka jana pia tulitajiwa Julai.

Saa 9 alasiri. Hapa ndipo kazi hii inaponinyima usingizi. Amekuja mama mmoja, mtandio umefunika nusu ya uso. Kijana wake amekamatwa kwa tuhuma za kuvunja duka wiki iliyopita. Mjomba yuko tayari kumdhamini, ila anatakiwa barua ya utambulisho kutoka mtaani, na mwenye muhuri ni mimi. Mwenye duka ni jirani yangu. Asubuhi hiyohiyo amenisalimia kwa ubaridi, maana habari zimemfikia.

"Mwanangu, usiniangushe," mama ananiambia.

Nikaandika: jina, namba ya nyumba, miaka mingapi mjomba ameishi hapa. Katiba, ibara ya 13, inakataza mtuhumiwa kutendewa kama mkosaji kabla hatia haijathibitishwa. Hilo nalijua, na najua pia kwamba kijana akionekana kibarazani kesho, mtaa mzima utasema mwenyekiti kamtoa. Ushahidi ukihitajika mahakamani hao hao watakuwa na msiba Newala, shamba la korosho Tandahimba, mgonjwa hospitali ya Ligula. Kesi inafutwa, kijana anarudi, na safari ijayo akishikwa watu hawaiti polisi, wanaokota mawe. Nilipogombea Novemba 2024 niliulizwa sana habari za mikopo na mitaro. La mawe hakuna aliyeliuliza.

Saa 1 usiku. Kikao cha ulinzi shirikishi. Vijana wana filimbi, marungu na tochi walizonunua wenyewe. Mchango ni shilingi 2,000 kwa kaya, na wengi hawajatoa. Mzee mmoja amegoma kabisa: "Nilipe mlinzi akalinde giza? Washeni taa kwanza." Shikamoo yangu akaipokea, pesa hakutoa.

Saa 5 usiku. Doria. Kalavati tumeliwekea tairi na tawi la mwarobaini ili wageni wasitumbukie. Mwenye kibanda cha genge pembeni ametundika balbu nje, umeme wa luku yake, na tangu jioni hapajatokea mkwapuaji. Anataka mtaa umchangie uniti. Nimemwahidi kulipeleka kikao cha Jumamosi, nipendekeze asamehewe ule mchango wa ulinzi. Wajumbe wawili wameshanipigia kusema hawakubali, maana kila mwenye balbu atadai msamaha.