Matone ya Saa Nne

Juzi mwanangu aliokota jani kavu, likavunjikavunjika mkononi mwake, akaniuliza kama kitu kikishakauka kabisa ndiyo kimekufa. Nilimjibu ndiyo, kisha nikanyamaza, maana nimewahi kuona kinyume chake kwa macho yangu, tena katika tukio ambalo siwezi kujivunia.

Tulikuwa kwenye uwanda wa changarawe wa jangwa la Namib, si mbali na mji wa Swakopmund nchini Namibia, saa nne asubuhi, ukungu wa Atlantiki ukiwa umekwisha kutoweka. Mwenyeji wetu aligeuza jiwe jeupe la kwatzi, akatuonyesha utando wa kijani uliogandamana na tumbo lake: sianobakteria, yaani bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga kama mimea, wanaoishi pale chini kwa sababu mwanga hupenya jiwe kidogo tu na unyevu hukawia. Alilirudisha vilevile lilivyokuwa, kwa uangalifu mkubwa.

Mimi nilikuwa nimechutama mbele ya kuvumwani moja ya kijivu, kiumbe cha kuvu na mwani wanaoishi pamoja, iliyojikunja kama karatasi iliyoungua. Nilifungua chupa nikaidondoshea maji. Mwanzoni haikutikisika. Kisha ukingo mmoja ukainuka, ukasita, ukaanza kukunjuka; mwingine ukafuata; na katika dakika chache kijivu kikageuka kijani kibichi, huku ngozi yake, ambayo ingesagika kwa kidole, ikilainika mbele yangu. Nilipiga kelele ya furaha.

“Ndugu, umeiamsha saa mbaya,” alisema mwenyeji.

Alieleza kwamba kuvu ndiyo nyumba na mwani ndio mpishi. Vikikauka, shughuli zote za uhai husimama, na sukari zilizomo hulinda chembe zisiharibike. Vikilowa, hupumua papo hapo na kula akiba, na mwani huhitaji muda wa mwanga na unyevu kuirudisha. Ukungu wa alfajiri (ajabu kwamba lugha yetu hutumia neno hilohilo kwa kuvu inayoota juu ya chakula kilicholala) huupa muda huo kabla jua halijawa kali. Matone yangu hayakuupa.

Nilitaka kuongeza maji, lakini chupa ilikuwa karibu tupu. Tulisimama tukiitazama ikififia na kuanza kujikunja tena, nami nikijiambia kwamba matone machache hayawezi kuwa hasara kubwa kwa kiumbe kilichozoea shida.

Jana nilimrudia mwanangu nikamsahihishia jibu langu. Nilimsimulia yote, isipokuwa habari ya chupa.