Chamli na Cholmondeley

Mchana mmoja wa mwaka 2011, mjini Nakuru, mzee kutoka Gilgil aliniwekea mezani karatasi iliyokunjwa mara nne. Kilikuwa cheti cha kazi cha babu yake, mchunga kondoo. Chini palikuwa na sahihi: Cholmondeley.

"Mwanangu," akasema, "babu alimtaja bwana Chamli maisha yake yote. Huyu wa kwenye karatasi ni nani?"

Nikamwambia jina ni lile lile, Waingereza huliandika hivi na kulitamka vile. Hakukubali, nami nikafungua faharasa ya vizazi vya Uingereza, inayoanzia Julai 1837. Nikaandika Chumley, yaani Chamli kwa herufi za Kiingereza, na kuchagua utafutaji wa kufuata sauti. Cholmondeley hakutokea hata mmoja.

Kosa lilikuwa langu. Njia ile, Soundex, haisikii chochote, inahesabu herufi. Hubakiza herufi ya kwanza, hutupa irabu pamoja na h, w na y, kisha konsonanti hugeuzwa tarakimu: l ni 4, m na n ni 5, hadi zitimie tatu, zikipungua hujazwa sifuri. Chumley ikawa C540, Cholmondeley C455. Zile herufi zisizotamkwa, l na nd, ndizo zilizovuruga kila kitu. Nikaandika upya kwa nyota, inayoshika nafasi ya herufi zozote, Ch*m*ley, na wote wakaja: Cholmondeley, Cholmeley, Cholmley, Chumley.

Mzee akauliza jina refu namna hiyo lilitoka wapi. Ni kijiji kilichoko Cheshire, Uingereza, kilichoandikwa Calmundelei katika sensa ya ardhi ya mwaka 1086: uwazi wa msituni wa mtu aitwaye Ceolmund. Wenye kijiji wakaitwa kwa kijiji chao, kama Mbarawa anavyoitwa kwa Barawa. Kijiji ni kimoja, ndiyo maana wenye jina ni wachache. Ndimi zikamega katikati ya neno karne kwa karne, kalamu za makarani zikakataa kufuata.

"Na Delamea je?"

Hilo ndilo swali nililolipenda kuliko yote. Hugh Cholmondeley, ndiye Lodi Delamere, mlowezi maarufu wa Bonde la Ufa, alizaliwa 1870 na kurithi cheo mwaka 1887. Cholmondeley ni jina la ukoo; Delamere ni cheo, kilichotolewa 1821 na kuitwa kwa msitu wa Cheshire. Kuzaliwa kwake utakutafuta kwenye C, mambo yake ya ubwana kwenye D.

Tena mwenye cheo hutia sahihi kwa cheo peke yake. Nikaitazama karatasi upya. Aliyeitia sahihi hakuwa Lodi mwenyewe, angeandika Delamere. Alikuwa mtu mwingine mwenye jina la ukoo.

Mzee akanyamaza kidogo, kisha akanipa bahasha nimwandikie. Nikaandika Cholmondeley, Chamli, Delamere, na chini yake Ch*m*ley.