Ijumaa hotelini, Jumapili kanisani

Ibada ilikuwa imekwisha, watu wako ukumbini wanakunywa chai, nami navua viatu vya kupigia kinanda cha mabomba. Nina jozi ya kazi hiyo tu, soli nyembamba, ili mguu uisikie kila pedali. Mzee wa kanisa akaja akasimama kando ya benchi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Tumesikia Ijumaa unapiga piano baa."

Ilikuwa hoteli, lakini vinywaji vilikuwepo, sikubisha. Usharika wetu wa Waswahili hapa London ulikuwa ukiazima kanisa la Waingereza saa za mchana. Sadaka ikishalipia jengo, mpiga kinanda anabaki na nauli. Kodi ya chumba ililipwa na Ijumaa.

Nikamweleza habari za Fela Sowande, mtunzi na mpiga kinanda. Mnigeria, mzaliwa wa 1905. Kinanda alikijulia Lagos, kanisa kuu la Waanglikana, mikononi mwa Ekundayo Phillips. Alikuja London 1934 kusomea uhandisi, akaishia kwenye jazi: usiku vilabuni, akimpigia mwimbaji Adelaide Hall. Mwaka 1943 akafaulu mtihani wa juu wa Royal College of Organists, chama cha wapiga kinanda wa Uingereza, mtihani unaowatoa jasho hata waliozaliwa na mabomba ya kinanda nyumbani. Mwaka uliofuata akatunga African Suite ya okestra ya nyuzi, na vita vilipokwisha Wamethodisti wa Kingsway Hall, ukumbi wao wa London, wakamkabidhi kinanda chao.

"Na hao Wamethodisti walijua mambo ya vilabu?"

"Sahani zake za santuri na Adelaide Hall ziliuzwa madukani, mzee."

Akanyamaza kidogo. "Hiyo Kingsway Hall iko wapi, nikaione?"

"Ilibomolewa 1998."

"Haya. Jumapili tupigie kitu chake."

Nikachagua Obangiji, kipande chake cha kinanda. Kinanda cha pale mabomba yako mbali na benchi, sauti inakufikia imechelewa. Ukijisikiliza unapotea, kwa hiyo unaamini vidole na kusonga mbele. Waumini wetu, waliozoea kinanda cha umeme chenye ngoma ndani yake, walikaa mpaka mwisho, chai ikipoa.

Mzee hakusema neno. Aliyekuja ni mwalimu wa kwaya, kalamu mkononi, anataka nimwandikie sauti ya kwanza kwa nota za do-re-mi. Tuliandika palepale, nyuma ya karatasi ya matangazo. Ijumaa nikaenda hotelini kama kawaida.