Siku moja kazini kwenye bima ya afya isiyo na wenye hisa

Saa 1:30 asubuhi. Simu zinafunguliwa saa 2 kamili, na nusu saa hii ni ya kusafisha meza. Karatasi yenye jina la mwanachama hailali mezani, na simu ya mkononi haikai karibu na kioo cha kompyuta. Sheria ya siri za wagonjwa ya 1996, HIPAA, haijali kwamba ulikuwa unapiga picha keki ya mwenzako na namba ya mtu ikaonekana nyuma kwa bahati mbaya. Baada ya hapo naangalia wakalimani gani wapo zamu. Hapa Grand Rapids, Michigan, kuna Wakongo wengi waliopitia kambi za wakimbizi za Nyarugusu, Nakivale na Kakuma. Simu zao nyingi nazipokea kwa Kiswahili, lakini mwenye Kinyarwanda au Kibembe halazimishwi Kiswahili changu. Anaunganishwa na mkalimani wa lugha yake, na halipi kitu.

Saa 2. "Jambo mama, habari ya kuamka?" Salamu kwanza, kisha uhakiki: jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, namba ya uanachama. Ukiruka hapa umeharibu kila kinachofuata. Wakimbizi wengi waliandikiwa 1 Januari kwenye hati zao kwa sababu tarehe halisi haikujulikana, na majina yao mara nyingi yamegeuzwa, la ukoo limekaa mahali pa la kwanza. Kwa hiyo unaweza kukuta watu wawili wenye jina lilelile na siku ileile ya kuzaliwa. Kitakachowatofautisha ni namba ya kadi. Asiyekuwa na kadi mkononi aulizwe anuani na daktari wake, wala usisome wewe anuani halafu ukamwuliza "ni hii?" Hapo umeshaitoa siri.

Mara nyingine anayezungumza ni mtoto wa miaka 12 anayetaka kumtafsiria mama yake. Namshukuru, kisha naomba mama aje mwenyewe kwenye simu. Mtoto haruhusiwi kuwa mkalimani wa mambo ya afya ila kwa dharura, na ukifikiria vizuri, nani anataka mwanawe ndiye amwambie habari za uvimbe? Binti mkubwa anaweza kuzungumza kwa niaba ya mama baada ya mama mwenyewe kukubali kwa mdomo, na kibali hicho kinaandikwa kwenye faili la simu.

Simu ya asubuhi mara nyingi inahusu ile barua ya taarifa ya malipo. Juu imeandikwa kwamba si bili, na bado watu wanalipa au wanakosa usingizi. Naisoma nao safu kwa safu. Tuseme hospitali imeandika dola 480. Bei tuliyokubaliana nayo kwa mkataba ni dola 210. Dola 270 zinazobaki zinafutwa, na hospitali yenye mkataba haiwezi kumdai mgonjwa. Katika hizo 210, kama bado hajamaliza kiasi cha mwaka anachotakiwa kujilipia kwanza, atalipa zote. Akishakimaliza, analipa sehemu tu. Ushauri ni uleule siku zote: subiri bili ya hospitali, iweke kando ya taarifa hii, na kama namba ya mwisho haifanani, tupigie kabla ya kulipa.

Saa 4. Kikao cha dakika 15, watu wamesimama. Kila mmoja anataja swali lililojirudia. Vituo vingi vya kupokea simu hupima wafanyakazi kwa ufupi wa mazungumzo. Hapa kinachopimwa ni kama mtu yuleyule amelazimika kupiga tena kwa jambo lilelile. Kwa maoni yangu hilo ndilo linalofanya kazi hii ivumilike kuliko kitu kingine chochote kwenye ukurasa wa ajira, ikiwemo ile meza ya pingipongi ambayo hakuna anayeichezea. Mazungumzo na mkalimani huchukua karibu mara mbili ya muda wa kawaida kwa kuwa kila sentensi inasemwa mara mbili. Ukimpima mfanyakazi kwa dakika, atajifunza kumkwepa asiyejua Kiingereza.

Saa 5. Rufaa za madai yaliyokataliwa. Mfano unaorudi ni kipimo cha utumbo mpana kwa kamera. Kwa bima za kazini na za soko la bima la serikali, uchunguzi huu kuanzia umri wa miaka 45 ni bure kwa asiye na dalili, na daktari akikuta kinyama akakitoa palepale bado ni bure. Lakini bili inakuja ya mamia ya dola. Kwa nini? Fungua dai utazame misimbo ya ugonjwa. Kama wa kwanza ni Z12.11, yaani uchunguzi wa kinga, na bado mgonjwa ametozwa, mara nyingi zahanati imesahau kuweka alama ya 33 inayosema huduma ni ya kinga. Hapo usimwandikie mtu rufaa. Piga simu ofisi ya malipo ya zahanati, waombe walitume upya dai lililosahihishwa. Njia hiyo ni fupi kuliko rufaa, ambayo kwa huduma iliyokwisha kutolewa inaweza kuchukua mpaka siku 60 kujibiwa.

Kama daktari ameandika kwamba mgonjwa alikuwa anatokwa damu, na kweli alikuwa anatokwa, mwambie wazi kwamba nafasi ni ndogo. Bado ana siku 180 za kukata rufaa tangu apokee barua ya kukataliwa, na akishindwa ndani anaweza kuomba mkaguzi huru wa nje. Kumpa matumaini ya uongo ni kumwongezea miezi ya kudaiwa.

Saa 7 mchana. Chakula. Wageni kazini huuliza: kama hatutafuti faida, mbona ada inapanda? Hatuna wenye hisa wa kugawiwa gawio. Kinachobaki kinaingia kwenye akiba ambayo wakaguzi wa serikali wanataka tuwe nayo, ili mwaka wa magonjwa mengi madai yalipwe. Sheria ya bima ya afya ya 2010 inaitaka kila kampuni ya bima, ya faida na isiyo ya faida, itumie angalau senti 80 za kila dola ya ada kwa matibabu na kuboresha huduma, au 85 kwa bima za waajiri wakubwa. Ikipungukiwa, inarudisha tofauti. Bei za hospitali na dawa ndizo zinazoisukuma ada. Na kutokuwa na faida si kusamehewa kodi: mashirika ya bima ya Blue Cross, yaliyotokana na mpango wa walimu wa Dallas mwaka 1929 wa senti 50 kwa mwezi kwa siku 21 za kulazwa, yaliondolewa msamaha wa kodi ya taifa kwa sheria ya 1986.

Saa 8. Saa za kujitolea, zinazolipwa kama saa za kazi. Leo ni benki ya chakula. Kosa la makampuni ni kuleta watu 30 wenye fulana za rangi moja wiki ya Thanksgiving, sikukuu ya shukrani ya Novemba, wapige picha, waondoke. Wiki hiyo benki ina mikono kupita kiasi, Februari haina. Tunachofanya sasa ni kupeleka wanane kila wiki, walewale, wanaojua rafu. Kazi ni kupanga makopo: maharage yasiyo na chumvi yanakwenda sanduku la wenye presha, matunda yaliyo kwenye maji badala ya sharubati kwa wenye kisukari, kopo lililobonyea kwenye mshono linatupwa hata kama tarehe haijapita. Unga mweupe wa mahindi huisha kabla ya kitu kingine chochote, na ndio unaoletwa mara chache. Ukitaka kuchanga, changa huo.

Saa 11 jioni. Ukumbi wa kanisa. Ni Oktoba, watu wa Medicare, bima ya serikali ya wazee, wanachagua mpango kati ya tarehe 15 Oktoba na 7 Desemba, na wazee wanabanwa na mawakala. Kikao chetu kimetangazwa kuwa cha elimu, basi hatutaji bei ya mpango wetu, hatupokei fomu za kujiunga, na zawadi haizidi dola 15. Karatasi ya majina ni ya hiari na inasema hivyo juu kabisa. Mchungaji akiomba "mwandikishe tu huyu mzee, amekuja mbali," jibu ni kwa upole: hapana baba, atupigie mwenyewe siku nyingine.

Pembeni muuguzi anapima presha. Mtu akae dakika 5 kimya, mgongo umeegemea, miguu yote chini, mkono wazi kwenye kimo cha moyo. Mkanda ulio mdogo kwa mkono mnene hupandisha namba, kwa hiyo tunabeba saizi 3. Ikifika 180 kwa 120, rudia baada ya muda. Ikiwa bado ipo huko na ana maumivu ya kifua, pumzi fupi au udhaifu wa upande mmoja, ni 911, namba ya dharura, hapohapo. Wengi hukataa kwa hofu ya bili. Tunawaambia ukweli wote: chumba cha dharura hakihitaji kibali cha awali hata hospitali ikiwa haina mkataba nasi, lakini gari la wagonjwa la barabarani halimo kwenye sheria ya kuzuia bili za kushtukiza iliyoanza kutumika 2022, hivyo bili yake inaweza kuja. Ikija, iletwe kwetu tuipiganie.

Saa 2 usiku. Karatasi ya majina inaingia kwenye mfuko wenye kufuli na inarudi ofisini usiku huohuo. Hailali kwenye buti la gari. Maswali niliyoshindwa kuyajibu yameandikwa bila majina, kwa ajili ya kikao cha saa 4. La kwanza: mzee anauliza kama miwani iliyovunjika kabla mwaka haujaisha inabadilishwa.