Ruhusa ya Kuweka Dirisha

Mimi ni mshauri nasaha. Nikimwambia mteja mtu mzima kwamba leo tutatumia taswira, yaani picha anazoziona akilini, mara nyingi huona ni mambo ya watoto. Wiki hii mama mmoja (nimebadilisha habari zake ili asitambulike) aliniambia waziwazi: "Mwanangu, umri huu nianze michezo ya kujifanya?" Nikamuuliza usiku akilala huona nini. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Maji."

Mtu mwenye hofu anawaza kwa picha kutwa kucha, ila si yeye anayezichagua picha hizo. Anajiona ameshafukuzwa kazi kabla hata hajaitwa ofisini. Aliyepatwa na kiwewe huliona tukio upya, na mwili nao huitikia: moyo unaenda mbio, viganja vinalowa jasho. Vipimo vya ubongo vimeonyesha kuwa kukiwaza kitu kwa taswira huamsha sehemu nyingi zilezile zinazofanya kazi tunapokitazama kwa macho. Ndiyo maana mtu anaweza kujiambia yuko salama, akalijua hilo kabisa, na bado akatetemeka. Kwa hiyo simletei mteja jambo geni. Namwomba ashike mwenyewe kitu ambacho kimekuwa kikimwendesha.

Jinamizi la mama huyo ni hili: yumo chumbani, maji yanapanda, mlango haufunguki. Tulitumia mazoezi ambayo mtafiti Barry Krakow na wenzake waliyafanyia utafiti na kuchapisha matokeo mwaka 2001. Walishiriki wanawake 168 waliokuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono na kubaki na kiwewe, na waliofundishwa mazoezi hayo walipata nafuu ya majinamizi kuliko wenzao waliokuwa bado wanasubiri zamu. Njia yenyewe haina makuu. Unachagua ndoto moja, kwa kuanzia isiwe ile inayotisha kuliko zote. Ukiwa macho, unaibadilisha utakavyo na kuiandika, kisha kila siku unaipitia hiyo mpya akilini kwa dakika 10 hadi 20.

Nilimpa kalamu na karatasi. Akaandika mistari miwili, akakwama kwenye mlango. Akafuta, akaandika tena, kisha akainua macho: "Naruhusiwa kuweka dirisha?"

"Ndoto ni yako, mama."

Akaliweka chini kabisa, usawa wa goti, "ili maji yatoke yenyewe nisihangaike nayo." Mimi nilikuwa nimeshawaza mlango ufunguke, au aje mtu wa kumwokoa. Nafurahi kwamba sikusema neno, maana picha yangu isingemfaa. Mwanamke huyu amehangaikia watu wengine maisha yake yote. Alichohitaji ni jambo litakalokwenda bila yeye kulibeba. Hilo nisingelijua kwa kumhoji mwezi mzima.

Kiti kitupu nacho hufanya kazi kwa namna hiyo. Jacob Moreno alikitumia katika saikodrama, yaani tiba ya kuigiza yanayomsumbua mtu, na mtaalamu mwingine wa tiba ya akili, Fritz Perls, akakipa umaarufu: mteja anamweka mbele yake mzazi aliyefariki, au mtu waliyeachana vibaya, na kumwambia yaliyobaki kifuani. Nimeona watu wakitamka katika dakika chache yale waliyoyazungukia kwa vikao vingi. Hapo tena mshauri hapaswi kumpa mteja maneno ya kusema.

Si kila mtu anaona picha akilini. Mwaka 2015 Adam Zeman na wenzake waliipa hali hiyo jina la afantasia, ingawa Francis Galton alishaiandika tangu 1880. Mteja wa namna hii ukimwambia "ona ufukwe tulivu" atadhani ana kasoro, au atakuitikia tu ili asikuudhi. Kwake naulizia sauti, joto, uzito wa kitu mkononi.

Liko jambo jingine linalonitia hofu zaidi. Mwaka 1996 Maryanne Garry, Elizabeth Loftus na wenzao walionyesha kuwa mtu akiwazia tu tukio la utotoni, imani yake kwamba lilimtokea huweza kuongezeka. Kwa hiyo taswira kamwe siitumii kuchimbua kumbukumbu, wala kumuuliza mtu "jaribu kuona nani mwingine alikuwepo." Mshauri anayefanya hivyo anaweza kumpandikizia mteja maumivu ambayo hakuwa nayo, na familia nzima ikavunjika. Kubadili mwisho wa ndoto ni salama kwa sababu sote wawili tunajua tumeubuni.

Na simlazimishi mtu kufumba macho. Wapo ambao wakifumba tu wanarudi kule walikoumizwa. Hao huangalia sakafu, nyayo zimekanyaga chini, na tunasimama wakati wowote wanaponyoosha mkono. Kwa anayesikia sauti zisizokuwepo, au anayeshindwa kutenganisha anachowaza na kilichopo, siyaanzi mazoezi haya kabla sijazungumza na daktari wake wa akili.