Ndani ya boksi la Leviathan: majeshi mawili yaliyoundwa ili yakutane

Boksi la Leviathan, ambalo kampuni ya Games Workshop ya Nottingham, Uingereza, ililitoa mwaka 2023 kuzindua toleo la kumi la mchezo wa vita wa mezani uitwao Warhammer 40,000, lina sanamu ndogo 72 za plastiki, kitabu cha kanuni chenye jalada gumu, na kadi za kupangia misheni. Wengi wanapolieleza boksi la aina hii huanza kwa kugawa bei yake kwa idadi ya sanamu, kisha wakatoa hukumu. Kwangu mimi hesabu hiyo haifiki kwenye kiini, kwa sababu thamani ya boksi hili iko katika namna majeshi yake mawili yalivyochaguliwa: karibu kila kikosi cha upande mmoja kina sababu ya kuwepo inayopatikana upande wa pili.

Upande mmoja wapo Space Marines 25, askari wachache waliovaa deraya nzito. Upande mwingine wapo Tyranids 47, viumbe wanaokuja kwa makundi na kumeza kila kilicho hai mbele yao. Tofauti hiyo ya idadi ndiyo inayoupa mchezo ladha yake. Askari watano wa Terminator wana alama tatu za uhai kila mmoja, na shambulio la kawaida likiwapata, anayewachezesha anahitaji kupata 2 au zaidi kwenye dadu ili deraya iwaokoe. Termagant, viumbe wadogo wa Tyranids ambao wako 20 katika boksi, wana alama moja tu ya uhai na ngozi isiyozuia mengi, lakini huenda inchi 6 kwa zamu wakati Terminator huenda inchi 5, na wakifa watano bado kumi na tano wanaendelea kusogea. Mchezaji wa upande wa kwanza hulinda kila askari wake. Wa upande wa pili hujifunza kupoteza sanamu nyingi bila kuupoteza mchezo.

Sasa tazama jinsi vikosi vinavyojibizana. Infernus kumi wa Space Marines hubeba silaha za kurusha moto zinazofika inchi 12, na silaha hizo hazihitaji dadu ya kulenga, kwa hiyo ni adui wa kutisha kwa kundi la viumbe dhaifu waliosongamana. Tyranids nao wana Barbgaunt watano, ambao mizinga yao hupunguza mwendo wa askari wa miguu inaowapiga, ili moto huo uchelewe kufika mahali unapohitajika. Kuna Screamer-Killer wa Tyranids, dude kubwa linalotisha likiwa karibu. Jibu lake ni Ballistus Dreadnought, mashine ya kivita ya Space Marines yenye mzinga wa leza na makombora, ambayo hupenda kusimama mbali na kufyatua. Neurotyrant huwatia moyo viumbe walio jirani naye, kiasi kwamba hutupiwa dadu tatu badala ya mbili wanapopimwa ujasiri, na hilo linamfanya awe shabaha ya kwanza ya mpinzani mwenye busara. Von Ryan's Leaper watatu, nao wa Tyranids, huanza mchezo wakiwa wamejipenyeza mbele ya jeshi, na wakikumbwa na shambulio la ana kwa ana wao ndio hupiga kwanza. Nikiulizwa ni sanamu zipi zilizochongwa kwa ustadi mkubwa kuliko zote, nitawataja hawa bila kusita: miili yao inaruka juu ya mawe na mabomba huku ikigusa kitako, yaani kisahani ambacho sanamu husimama juu yake, mahali padogo mno, na bado husimama imara.

Viongozi wako wengi kuliko jeshi dogo linavyohitaji. Space Marines wana kapteni na mkutubi (Librarian, askari mwenye nguvu za akili) waliovaa deraya ya Terminator, luteni, na tabibu. Hao wanne ni karibu askari mmoja katika kila sita. Kwa mchezo wa kwanza wingi huo ni mzigo, kwani kila kiongozi huja na uwezo wake wa kukumbukwa, na ningeshauri wawili wawekwe kando hadi kanuni za msingi zizoeleke.

Sanamu zenyewe huja zikiwa vipande vilivyoshikamana kwenye fremu za plastiki ngumu ya polistireni. Zimeundwa kwa pini na matundu, kwa hiyo zinaweza kusimama bila gundi. Hata hivyo mimi hutumia gundi ya plastiki kwenye viungo vikubwa, kwa sababu gundi hiyo huyeyusha kidogo nyuso mbili na kuziunganisha kuwa kitu kimoja, na ufa uliokuwa ukionekana begani au mgongoni hufungika. Pini inapokaza isiingie yote, heri kuipunguza ncha kwa kisu kuliko kuisukuma kwa nguvu. Jambo la kuzingatia zaidi ni kwamba anayependa kupaka rangi vipande kabla ya kuviunganisha lazima azuie rangi isiingie kwenye matundu, maana utando mwembamba tu wa rangi hutosha kuifanya pini igome.

Urahisi huo una gharama yake. Kila sanamu ina mkao mmoja uliokusudiwa, na nafasi ya kuchagua silaha ni finyu. Infernus kumi ni kundi la watano lililorudiwa mara mbili, na Termagant vilevile wanajirudia. Kwa Tyranids halinisumbui, kwani kundi la wadudu lina haki ya kufanana. Kwa askari ambao kila mmoja anapaswa kuwa na sura yake, kufanana huonekana haraka, na mchezaji mvumilivu anaweza kukata kichwa na kukigeuza upande mwingine, au kubadilisha vitu vilivyo kwenye kitako, ili jicho lisione pacha wawili wamesimama pamoja.

Kitabu ni kizito na kizuri, na sehemu kubwa yake ni historia ya ulimwengu wa mchezo pamoja na picha. Kanuni zenyewe zinachukua kurasa chache kuliko unene wake unavyodokeza. Humo mna pia Combat Patrol, namna ya kucheza kwa majeshi madogo kwenye uwanja wa inchi 44 kwa 30, na Crusade, ambamo vikosi hukua na kupata makovu kutoka pambano hadi pambano. Kadi huchaguliwa kwa kubahatisha ili zitoe lengo, mpangilio wa uwanja na sharti la ziada, na kwa watu wawili wanaocheza mara kwa mara wenyewe kwa wenyewe hizi ndizo zinazozuia pambano la jana lisijirudie leo. Takwimu za kila kikosi zilitolewa bure mtandaoni toleo hilo lilipoanza.

Yapo pia yasiyokuwemo, nayo inafaa yajulikane mapema. Leviathan haina dadu wala rula ya kupimia inchi, haina koleo ndogo ya kukatia fremu, haina tupa ya kusawazisha mikwaruzo, haina rangi wala brashi, na haina majengo ya kuweka uwanjani, ilhali mchezo huu bila vizuizi vya kujificha humpendelea mno mwenye mizinga mirefu. Anayeanza kabisa, asiye na kifaa hata kimoja, atahudumiwa vizuri zaidi na boksi dogo la utangulizi la toleo hilohilo, ambalo lilikuja na rangi, brashi na koleo pamoja na Infernus watano wa kupambana na Termagant kumi.

Kwa waliokwisha kuwa na Leviathan mkononi, sioni haja ya kuunganisha sanamu zote 72 kabla ya kucheza. Unganisha kwanza Infernus watano na Termagant kumi, ongeza luteni upande mmoja na Tyranid Prime mwenye mabawa upande wa pili, weka vitabu au maboksi matupu mezani yawe kuta, kisha mcheze zamu tatu mkiwa mmefungua kanuni mbele yenu. Pambano la pili liwaingize Terminator na Barbgaunt, la tatu Ballistus na Screamer-Killer, na rangi ipakwe kwa mpangilio huohuo, ili kila kikosi kinachokauka mezani kiwe tayari kina adui wake anayekingoja.